Pua ya Rehemah

Yasiin aliendesha malori ya kahawa kwenda Mombasa kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, akafa bila kuijua ladha ya alichokibeba. Nyumbani kwake Bombo walikunywa chai. Kahawa ilikuwa magunia tu, kamba na turubai. Alikwenda nayo pwani, akarudi na chumvi, betri, mabati na vitambaa, na siku binti yake Rehemah alipomwuliza watu wa ng'ambo wanaifanyia nini kahawa yote ile, alimjibu huku akivua viatu, "Huo ni mzigo, mwanangu. Mzigo hauulizwi maswali."

Karibu nchi nzima iliishi hivyo. Tulipanda, tukachuma, tukaanika, tukapakia. Kuonja kulifanyika mbali, katika miji ya baridi, na ni mtu wa huko, aliyevaa koti jeupe, ndiye aliyejua kwamba kahawa ya Luweero mwaka ule ilikuwa na ukungu na ile ya Masaka ilikuwa na utamu uliojificha chini ya uchungu. Alijua, akapanga bei yake, akanyamaza. Mkulima aliyeanika juu ya mkeka na mkulima aliyeanika juu ya udongo, kuku wakipita, walilipwa sawa. Kwa hiyo msimu uliofuata wote wawili walianika juu ya udongo. Ujinga wa namna hiyo si wa mtu mmoja. Hurithiwa kama shamba, na kila anayeurithi huupalilia.

Rehemah aliacha shule akiwa kidato cha pili, mwaka ambao lori la baba yake lilipinduka karibu na Eldoret na mguu wa mzee ukabaki huko. Mama yao alikuwa ameshafariki. Mdogo wake Lailah alikuwa bado akibebwa mgongoni. Rehemah akamlea Lailah, akamwuguza Yasiin mpaka akamzika, kisha akahamia Kawempe, akapata kazi katika kiwanda cha kusafirisha kahawa kilichokuwa kando ya barabara ya Bombo.

Alikuwa mchambuaji. Wanawake walikaa sakafuni wamenyoosha miguu, kila mmoja na lundo lake la punje, wakitoa zilizo nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Walichambua kwa vidole na walizungumza kwa vinywa, na vitu hivyo viwili havikuingiliana. Kwa kuwa meneja alikuwa Mkenya, wapakiaji wengi walikuwa Wakongo, na wachambuaji walitoka kila pembe, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya humo ndani, Kiswahili cha Kampala kilichokatwakatwa na kuungwa tena, na Rehemah, Mnubi aliyekulia miongoni mwa wajukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan, alikisema vizuri kuliko wengi.

Siku moja wapakiaji walimshushia gunia mbele yake, naye akageuza uso kabla hawajalifungua.

"Hili limelala na mafuta ya taa," alisema.

"Banange!" mpakiaji mmoja akacheka. "Mama ni mbwa wa polisi!"

"Mbwa wa polisi anakula nyama kila siku. Mimi nakula maharage yako. Toa hapa."

Meneja Makokha alikuwa akipita. Alikuwa mtu wa Bungoma, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye maisha yake yote yalikuwa kijiko na kikombe. Aliagiza gunia lifunguliwe, akachota punje, akazisaga, akaunusa ule unga, na hakupata kitu. Akaichemshia kahawa hiyo maji chumbani kwake, akaivuta mdomoni kwa ule mvumo wao waonjaji, na huko nyuma kabisa ya ulimi, wakati tayari ameshaitema, akayapata mafuta ya taa. Alirudi sakafuni akasimama mbele ya Rehemah, na wanawake wakaanza kukonyezana.

"Wewe mama," alisema, "kesho usikae hapa."

Wenzake walidhani amefukuzwa. Waliangua vilio vya utani, wakagawana lundo lake.

*

Chumba cha kuonjea kilikuwa na meza ya mviringo iliyozunguka, rafu ya vikombe vyeupe, na ukimya ambao Rehemah hakuwahi kuuona mahali pengine isipokuwa msikitini kabla ya adhana. Huko alisoma upya. Makokha alimfundisha kama mtu anayemfundisha kipofu jina la kila mti. Hii ni ndimu. Hii ni karanga mbichi. Hii ni ngozi ya zamani, hii ni dawa ya hospitali, huu ni udongo baada ya mvua. Alimtukana pia. Alimwita kichwa cha jongoo, na mara moja alimwagia kikombe miguuni kwa sababu alisema "tamu" bila kusema utamu wa nini.

"Tamu ni neno la mtoto!" alifoka. "Mnunuzi wa Trieste hanunui tamu. Ananunua tamu kama nini?"

"Kama ndizi iliyopita siku, bwana."

"Ahaa. Basi sema hivyo, na uokoe viatu vyako."

Na kidogo kidogo chumba kile kikafanya jambo ambalo lori la Yasiin halikuweza kulifanya. Kilirudisha habari. Kahawa ilipoonjwa hapa, kabla haijaondoka, aliyeilima aliweza kuambiwa. Wakulima wa kijiji fulani cha Luweero waliambiwa kwamba kahawa yao inanuka moshi kwa sababu wanaianika karibu na tanuri la matofali. Walicheka, kisha wakahamisha mikeka, na msimu uliofuata wanunuzi walilipa zaidi. Wengine wakaja kutazama mikeka. Mmoja akaacha kuchuma mbichi na mbivu pamoja. Mwingine akamtoa mwanawe kwenye bodaboda akamrudisha shambani, kwa kuwa sasa shamba lilihitaji mtu anayefikiri. Miti ilikuwa ile ile. Mvua ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni kujua tu, na kujua kulizaa kama mbolea.

Rehemah aliyaona haya kutoka nyuma ya kikombe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alijiona ni mtu ambaye kama asingekuwapo, kitu fulani kingepungua. Aliipenda hisia hiyo kuliko inavyofaa.

Alikuwa na mwenzake pale mezani, Ogwal, kijana wa Lira aliyemaliza chuo kikuu katika sayansi ya vyakula. Alikuwa mwembamba, msafi, mwepesi wa maneno, na alikuwa mzuri kazini. Hakuwa na pua kama ya Rehemah, lakini alikuwa na kichwa, na alijua kwa nini kila harufu imetokea.

Kisha wenye kampuni wakaamua kuagiza kutoka nje mashine ya kuchambua kwa rangi, mashine yenye macho, inayopulizia nje punje mbovu kwa hewa. Sakafu yote ya wanawake ingefungwa. Makokha aliwaita Rehemah na Ogwal, akafunga mlango.

"Chumba hiki kinabaki," alisema. "Lakini ng'ambo hawatuamini mpaka ripoti yetu isainiwe na mwonjaji mwenye leseni yao. Mtahini anakuja hapa hapa kwetu, na watahiniwa wa kampuni nyingine wanakuja. Ninyi wawili mtafanya. Ila wakubwa wamesema nafasi ni moja. Atakayefanya vizuri zaidi atabaki."

"Na mwingine?" Rehemah aliuliza.

"Mwingine tutamwombea."

Ogwal alicheka peke yake. "Madam Rehemah, ukishindwa utatuuzia vitumbua vya kabalagala getini. Mimi nitakuwa mteja wako wa kwanza, haki ya Mungu."

"Na wewe ukishindwa utarudi Lira ukawafundishe ng'ombe sayansi."

"Ng'ombe wa kwetu wameshasoma. Ni wa Bombo ndio bado."

Makokha hakucheka. Alirudia masharti, ingawa wote waliyajua: wiki nzima kabla ya mtihani hakuna sigara, hakuna pilipili, hakuna kitunguu, hakuna manukato ya aina yoyote. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Harusi ya Lailah ilikuwa Jumamosi iliyotangulia.

*

Wanubi humfukiza bibi harusi. Hili halina mjadala. Huchimbwa shimo dogo uani, huwekwa makaa, na juu ya makaa hutiwa udi na vipande vya mti wa manukato ambavyo bado vinaagizwa kutoka Sudan. Bibi harusi hupakwa singo, mchanganyiko wa manukato na mafuta, mwili mzima, huketi juu ya moshi akiwa amefunikwa shuka nzito mpaka shingoni, na hukaa humo mpaka ngozi ibadilike rangi. Na hakai peke yake. Mama yake huingia naye chini ya shuka kwa muda, ili moshi uwapitie wote wawili, na wanawake huimba na kupiga ngoma ya doluka mpaka watoke. Bibi harusi anayekaa peke yake ni bibi harusi asiye na mtu.

Mama hakuwapo. Mama wa Lailah alikuwa Rehemah.

Aliliona tatizo mapema, akaenda kwa shangazi yao Rahmah, dada wa Yasiin, mwanamke mrefu aliyewaoza mabinti wengi Bombo na hakumsamehe hata mmoja. Alimweleza taratibu: kazi, mtihani, harufu. Akamwomba aingie yeye chini ya shuka kwa niaba yake.

"Kwa hiyo moshi wetu utakuharibia kikombe," Rahmah alisema.

"Kwa siku chache tu, shangazi. Baada ya Jumatatu nitajifukiza mpaka mnikimbie."

"Haya. Nitaingia mimi. Wewe simama mbali na upepo."

Rehemah alimbusu mkono akaondoka akiwa na amani.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, ua ulijaa wanawake waliovaa gurbaba mpya, nguo ya Kinubi, wakiimba. Rehemah alikuwa kibarazani upande upepo unakotoka, akipanga sahani. Lailah aliketishwa, akafunikwa. Uso wake mdogo ulitokeza juu ya shuka, umetakata, unameremeta kwa mafuta, ukigeuka huku na huku kutafuta. Ngoma ikapanda. Ukafika wakati wa mama kuingia. Rahmah akasimama, akafunga vizuri nguo yake kiunoni, na badala ya kwenda kwenye shimo akaugeukia umma.

"Nyamazeni!" alisema. "Mimi nimeombwa niingie humu. Nimeombwa na mwenyewe mama wa bibi harusi. Yule pale. Anaogopa kunuka kama sisi."

Kicheko kilizunguka ua.

"Shangazi," Rehemah alisema, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana! Mwataka kujua kwa nini? Ana pua ya Ulaya siku hizi. Anawaonjea wazungu chai yao."

"Kahawa, mama!" mmoja akadakia.

"Hata ingekuwa mkojo. Akionja anatema. Sasa anataka kututema na sisi." Rahmah akakaa chini, akanyoosha miguu. "Mimi siingii. Bibi huyu nimemwona akizaliwa, lakini si mimi niliyemnywesha uji. Kama mama yake hamtaki, na akae peke yake. Watu wa bwana harusi wako hapa, na waone."

Ngoma ilikuwa imekwisha kabisa. Upande wa ndugu wa bwana harusi, wanawake waliinamiana wakanong'ona. Lailah, chini ya shuka, alianza kulia bila sauti, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imefunikwa hakuweza kujifuta, machozi yakachora mistari katika singo.

Hakusema "njoo". Rehemah aliweka chini sahani aliyokuwa ameishika.

Aliingia chini ya shuka akiwa na nguo zake zote. Moshi ukamzunguka kama mkono wa mtu anayemfahamu. Vigelegele vilipaa hadi barabarani, na sauti ya Rahmah ndiyo iliyovuma kuliko zote. Akiwa humo ndani, bega lake likigusa bega la mdogo wake lenye mafuta, Rehemah alifumba macho akakumbuka mama yao, shingo yake, kanga yake, mto wake. Ilikuwa harufu hiyo hiyo. Kwa dakika zile hakuwaza mtihani hata mara moja. Hilo baadaye lilimuuma kuliko mengine.

*

Jumapili nzima alijisugua. Alianza kwa sabuni ya mche, akaja kwa majivu, akaja kwa ndimu, mpaka ngozi ya mikono ikawa nyekundu na ikawasha. Nywele alizikata karibu zote kwa mkasi wa jikoni. Nguo za jana alizifungia kwenye mfuko akampa jirani. Kila mara alijinusa. Alijinusa kwapa, viganja, nyuma ya kiwiko, mahali ambapo harufu hujificha. Jioni hakupata kitu tena. Hata hivyo hakujiamini, akawauliza ndugu waliokuwa wamelala kwake kutoka harusini.

"Nanukia?"

Binamu mmoja akainusa shingo yake, akainua mabega. "Hunuki kitu. Unanuka mtu."

Mwingine akathibitisha. Rehemah akalala usingizi mzuri.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo Mkongo asingelifanya wala Mganda wa Kawempe. Alikuwa ameuliza pua zilizozaliwa ndani ya moshi. Alikuwa ameiuliza yake mwenyewe, pua iliyoweza kuyasikia mafuta ya taa ndani ya gunia lililofungwa. Ingeweza kuitambua harufu yoyote duniani, isipokuwa ile iliyoipokea siku ya kwanza ilipovuta hewa.

Jumatatu asubuhi mlinzi wa getini alimfungulia akitabasamu. "Eeh, nnyabo! Leo ni wewe bibi harusi!" Rehemah alidhani amesikia habari za Lailah, akamshukuru.

Ogwal alikuwa bombani akinawa. Alimwangalia, akakung'uta maji mikononi, kisha akasema, "Umelala vizuri, madam?"

"Vizuri sana."

"Kale, sawa. Mungu atusaidie wote."

Mtahini alikuwa Nafuna, mzaliwa wa milima ya Mbale aliyesomea kazi hii ng'ambo na kurudi nayo, mwanamke mfupi wa makamo aliyezungumza kama anayehifadhi pumzi. Watahiniwa waliketi kuizunguka meza. Mbele ya kila mmoja kulikuwa na vichupa vidogo vya harufu, na kazi ya kwanza ilikuwa kuvinusa na kuvitaja. Madirisha yalifungwa, kama yanavyofungwa siku zote ili vumbi la barabara lisiingie.

Haukupita muda mrefu, Babra, mtahiniwa wa kampuni nyingine, akainua mkono.

"Madam, vichupa vyangu vyote ni kama vina kitu kimoja."

"Hata vyangu," mwingine akasema.

Nafuna alichukua kichupa, akanusa, akakirudisha. Akasimama katikati ya chumba, akavuta hewa polepole. Uso wake haukubadilika. "Nani amejipaka kitu?"

Wote walikana. Rehemah naye alikana, tena kwa sauti iliyo wazi, maana alisema kweli aliyoijua. "Mimi nimeoga kwa sabuni ya kufulia, madam."

Nafuna alimtazama. Kisha akamgeukia Makokha, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mwenyeji. "Bwana Makokha, ni nani mwenye pua nzuri kuliko wote humu ndani?"

Makokha alikuwa ameshajua. Alitoa miwani akaifuta kwa shati. Angeweza kutaja jina lolote, lakini labda aliona hana haki ya kusema uongo hata siku ile. "Ni Rehemah," alisema.

"Vizuri. Rehemah, simama. Tutafutie."

Akasimama, na kwa kweli alifurahi. Alidhani amepewa heshima. Alianza na Babra, akainama karibu na bega lake: sabuni, maziwa ya mtoto anayenyonya. Akaenda kwa mzee mmoja wa Jinja: tumbaku ya juzi, lakini ndogo. Alikwenda kwa kila mmoja hivyo, akiinama na kuinuka, makini kama daktari. Ogwal alimnyooshea shingo kama mtu aliyeketi kwa kinyozi, huku akiuma mdomo. Ngozi ya viatu vipya, basi. Alifungua kabati. Alinusa mfereji wa maji machafu, pazia, dari. Wawili kati ya watahiniwa walikuwa wameinamisha vichwa, na mabega yao yalitikisika.

"Sipati kitu, madam."

"Kuna mmoja umemsahau."

Rehemah aliwapitia wote kwa macho. Kisha akamwendea Makokha, akamnusa kifuani. Hapo chumba kikalipuka kwa kicheko, na Makokha akafumba macho.

"Wewe," Nafuna alisema. "Jinuse wewe."

Kicheko kilikatika. Rehemah aliinua mkono wake uliosuguliwa mpaka kuwa mwekundu, akauweka puani, akavuta hewa yote aliyoweza. Alingoja. Akavuta tena.

"Hakuna kitu," alisema.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyosimuliwa baadaye katika vyumba vya kuonjea vya Kampala nzima, kila msimuliaji akiiga sauti.

"Ni udi," Nafuna alisema, bila ukali wala upole. "Upo kwenye ngozi yako na kwenye pumzi yako. Nimeuonja mpaka kwenye maji. Ulikuwa wapi?"

"Harusi ya mdogo wangu."

"Hongera kwake. Tokeni nje wote, fungueni madirisha, tutaanza upya mchana. Huyu asirudi."

"Madam, nirudi hata kesho, hata wiki ijayo..."

"Kama ungeisikia harufu yako ukaniambia, ningekuahirishia. Mtu yeyote huweza kunuka. Lakini umetafuta chumba kizima hukujipata. Kesho mnunuzi akikuuliza kahawa ya kwenu ina kasoro gani, utamjibu hivyo hivyo, kwamba hakuna kitu. Na sisi tumeuza hivyo miaka mia."

*

Alimkuta Ogwal bombani tena.

"Ulijua?"

"Tangu ulipoingia getini."

"Mbona hukuniambia?"

Ogwal alizima maji. Hakuwa na furaha usoni, wala aibu. "Wewe ungeniambia mimi?"

Rehemah alitafuta jibu jema ndani yake, akatafuta vizuri, kama alivyowatafuta wale wengine. Akamwacha pale bombani, akaondoka.

Sakafuni wachambuaji walimpokea kwa shangwe. Walimvuta mikono, wakamnusa shingoni, wakafumba macho. "Ee mama, harusi ilikuwa ya kifalme!" "Mwaka mzima hutaachwa na mume, kama ungekuwa naye!" Walikuwa bado hawajui kwamba mashine ilikuwa imeshatoka bandarini. Ilifika mvua zilipoanza, ikafungwa pale pale walipokuwa wakiketi, na kwa mchana mmoja ikamaliza kazi waliyoifanya kwa wiki. Ilikuwa mashine nzuri. Hakuna aliyeweza kusema vinginevyo, hata wao.

Leseni aliipata Ogwal. Rehemah alimwendea Makokha akamwomba nafasi nyingine ya mtihani.

"Kampuni haimpeleki mtu mara mbili," alimjibu. Kisha, kwa kuwa alikuwa na moyo, na moyo wakati mwingine hufanya mambo mabaya kuliko ukatili, akaongeza, "Ila wa kuosha vikombe ameondoka. Ukitaka. Kwa sharti lile lile. Huwezi kuingia hapa na moshi."

Akakubali. Alitaka kubaki ndani ya chumba kile.

Lailah alipojifungua, wanawake walikusanyika Bombo kumfukiza mzazi na mtoto. Rehemah hakwenda, kwa kuwa kesho yake ilikuwa siku ya kazi. Alimwona mtoto baada ya wiki nyingi, barabarani, akiwa amebebwa. Rahmah alimpigia simu mara moja tu.

"Kwa hiyo ulishindwa," shangazi alisema.

"Nilishindwa."

"Na bado huji kwetu."

"Naosha vikombe, shangazi. Vinashika harufu."

Upande wa pili kukatoka kicheko kifupi. "Tungejua ni vikombe, tungekupa vyetu uoshe." Simu ikakatwa.

Ingefaa kusema kwamba Ogwal aliharibu, kwamba kahawa ilirudishwa kutoka ng'ambo na watu wakamkumbuka Rehemah. Hakuharibu. Ripoti zake ziliaminiwa. Wanunuzi wapya walikuja, na wakulima wa vijiji alivyovitaja yeye, vijiji ambavyo Rehemah ndiye aliyeanza kuvionja, walijenga vitanda vya waya vya kuanikia na kuwasomesha watoto wao hadi mwisho. Ogwal mwenyewe alianza kufundisha vijana. Kila kitu kilikwenda mbele kama kilivyopaswa kwenda. Rehemah alikiona kikienda, akiwa amesimama kwenye sinki, na hakuna mahali popote kilipojikwaa kwa kumkosa.

Msimu mmoja Nafuna alirudi kuwatahini wanafunzi wa Ogwal. Rehemah alikuwa akipanga vikombe mezani, amevaa koti la bluu la wafanyakazi, nywele fupi. Nafuna alichukua kikombe kitupu kutoka mkononi mwake, akakiweka puani kwa muda mrefu kama alivyofanya daima kabla ya kuanza, kisha akachukua kingine, na kingine. Akamgeukia Makokha, na kwa mara ya kwanza watu wa kiwanda kile walimwona akitabasamu.

"Nimepita Nairobi, nimepita Kigali," alisema, "sijaona vikombe hivi. Havina harufu hata kidogo. Mtu huyu mmempata wapi?"

"Ni wa humu humu," Makokha alijibu, akitazama sakafu.

"Msimwachie aondoke."

Nafuna alimrudishia Rehemah kikombe bila kumtazama usoni, akawaambia vijana waketi. Rehemah alimaliza kupanga. Akaweka ndoo ya kutemea chini ya kila kiti, akafunga madirisha ili vumbi lisiingie, akatoka nje akauvuta mlango polepole mpaka kitasa kikashika.